Jinsi ya kuongoza ukubwa na umbo la chembe nano za dhahabu

Kabla hujagusa pipeti, elewa jambo moja: ukubwa wa chembe huamuliwa na idadi ya viini, yaani vipunje vya kwanza vya dhahabu, vinavyozaliwa mwanzoni mwa mmenyuko. Dhahabu iliyomo ni ileile. Viini vikiwa vingi, kila kimoja kinaambulia kidogo na chembe zinabaki ndogo. Vikiwa vichache, vinanenepa.

Hatua ya 1: Usafi. Osha vyombo vyote vya kioo, pamoja na sumaku ya kukorogea, kwa mchanganyiko wa asidi haidrokloriki na asidi nitriki, 3 kwa 1, kisha suuza sana kwa maji safi ya maabara. Fanya hivyo ndani ya kabati la kufyonza mvuke, usifunike chupa ya asidi hiyo kwa kizibo, wala usiikaribishe asetoni. Mabaki ya dhahabu ya jana kwenye kioo ni viini ambavyo hukuvihesabu. Chumvi ya dhahabu nayo usiichote kwa kijiko cha chuma, itakila.

Hatua ya 2: Chembe za mviringo. Chemsha mililita 50 za asidi kloroauriki (ndiyo ile chumvi ya dhahabu) ya asilimia 0.01 huku ukikoroga kwa nguvu, ukiwa umeweka kipoza mvuke ili maji yasipungue. Ikishachemka sawasawa, mimina sitrati ya sodiamu ya asilimia 1, inayogeuza chumvi hiyo kuwa chembe za dhahabu, kwa mkupuo mmoja. Ukiidondosha tonetone, viini vitazaliwa kwa zamu na utapata chembe za kila saizi.

Sasa tazama chupa. Umanjano unafifia hadi kukaribia maji matupu, unakuja weusi wenye ubuluu, kisha zambarau, mwishoni wekundu kama wa divai. Usiondoe moto rangi inapotulia tu. Endelea kwa dakika 10 hivi.

Usukani wako hapa ni kiasi cha sitrati. Kwa vipimo alivyochapisha mtafiti Frens mwaka 1973, mililita 1 hutoa chembe za nanomita 16 hivi, mililita 0.5 hutoa 41, na 0.3 hutoa takriban 71. Mimi njia hii siiamini sana nikivuka nanomita 50: chembe huanza kutofautiana na kupoteza umviringo. Ukitaka kubwa, tengeneza ndogo kwanza uzikuze kama mbegu.

Hatua ya 3: Fito, yaani chembe ndefu kama vijiti. Mbegu kwanza. Changanya mililita 5 za CTAB (kemikali ya jamii ya sabuni inayosaidia kuongoza umbo) ya molari 0.2 (moli kwa lita) na mililita 5 za asidi kloroauriki ya molari 0.0005, kisha tia mililita 0.6 za borohaidraidi ya sodiamu ya molari 0.01, baridi ya barafu na iliyoyeyushwa muda huohuo. Rangi ikiwa kahawia yenye umanjano, mbegu ziko tayari. Ikiwa nyekundu, zimeshakua mno. Mwaga kwenye chombo cha taka za kemikali.

Kwenye chupa ya kukuzia, weka CTAB kiasi kilekile, nitrati ya fedha ya molari 0.004 kati ya mililita 0.05 na 0.25, na mililita 5 za asidi kloroauriki ya molari 0.001. Ongeza mikrolita 70 za asidi askobiki ya molari 0.0788: umanjano unatoweka, lakini chembe bado hazijazaliwa. Askobiki peke yake haina nguvu ya kuanzisha viini, na ndiyo maana tunaitumia. Mikrolita 12 za mbegu ndizo zinazowasha kazi, na rangi hujitokeza ndani ya dakika 10 hadi 20.

Fedha ndiyo inayorefusha fito, ila kwa kiasi. Ukiizidisha zinaanza kufupika. Weka joto kati ya nyuzi 27 na 30, maana CTAB huganda fuwele ikipoa. Fito zikikataa kabisa na kila kitu kiko sawa, shuku CTAB yenyewe: iodidi kidogo tu ndani yake huharibu umbo.

Hatua ya 4: Kukagua. Kwa spektrofotomita, chembe ndogo za mviringo zina kilele kimoja cha kufyonza mwanga, karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 520. Fito zina viwili, na cha pili husogea kuelekea 700 na zaidi kadiri zinavyorefuka. Kilele kipana kinaashiria mchanganyiko wa saizi, au chembe zilizoshikana. Kutofautisha hayo mawili kunahitaji hadubini ya elektroni.