Kumkinga Mzee Dhaifu Asianguke Nyumbani

Anayemtunza mzee aliyepungukiwa na nguvu hana haja ya kuanza kwa kununua vifaa. Aanze kwa kuikagua njia ambayo mzee hupita usiku kutoka kitandani hadi chooni, kwa kuwa huko ndiko usingizi, giza, haraka ya haja ndogo na sakafu yenye maji hukutana. Aipite mwenyewe usiku, akitazama mkeka uliojikunja ukingoni, ndoo iliyoachwa mlangoni na waya wa feni unaokatisha chumba, kisha aviondoe. Kizingiti kisichoondoleka kipakwe rangi nyeupe. Tochi iwekwe mahali mzee anapoifikia kabla hajashusha miguu. Choo kikiwa uani, ndoo yenye mfuniko kando ya kitanda ni bora kuliko safari ya gizani, ingawa mzee huenda akaona haya. Aelezwe kwa staha, na si mbele ya wajukuu.

Kuinuka nako kuna utaratibu wake. Mtu aliyelala akisimama ghafla, damu hubaki miguuni, shinikizo lake hushuka na kizunguzungu humshika. Kwa hiyo mzee akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, akiinua visigino na vidole kwa zamu, ndipo asimame huku ameshika kitu kisichosogea. Muuguzi ampime presha akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama: kipimo cha juu kikipungua kwa 20 au zaidi, au cha chini kwa 10 au zaidi, daktari aelezwe. Daktari aonyeshwe pia dawa zote, za kienyeji zikiwemo, maana dawa za presha na za usingizi zinaweza kumlegeza mzee, ila asiziache kwa uamuzi wake.

Mkongojo, ambao wengi huushika upande wa mguu mbovu, hushikwa upande wa mguu mzima.

Akianguka, asivutwe mikono. Mguu mmoja ukionekana umefupika na kugeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Asisimamishwe, apelekwe hospitali. Aliyegonga kichwa naye anatumia dawa za kuzuia damu kuganda apelekwe hata akijiona mzima. Baadaye jamaa wengi humwamuru akae tu, jambo linalozidi kulegeza misuli; afadhali kila siku azoeshwe kuinuka na kuketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, mtu akiwa karibu.