Batamzinga si batabukini: someni kabla ya kulipa mayai

Nimechoka. Mtu anaagiza "bata mzinga", akiletewa analia kwamba alitaka bukini. Naandika mara moja tu.

1. Miguu: yenye ngozi kati ya vidole ni batabukini, *oie* wa Kifaransa. Vidole vilivyoachana ni batamzinga, *dindon*.

2. Kichwa: mzinga ana kichwa na shingo bila manyoya, na kinyama kinaning'inia juu ya mdomo. Yule mwenye vinundu vyekundu usoni, aliyejaa Ndosho hapa Goma, si mzinga wala bukini. Ni bata wa kawaida.

3. Jina lisikudanganye. Mzinga ni wa jamii ya kuku na kanga, asili yake Amerika. Bukini ni jina la zamani la Madagaska.

4. Mayai. Hapa ndipo makuta (pesa) yanapopotea. La mzinga ni jeupe-maziwa lenye madoa ya kahawia. La bukini ni jeupe, mara nyingi linapita gramu 140. Mzinga hutotolewa siku 28, bukini 28 hadi 31 hivi, bata wa vinundu 35. USIYAWEKE mashine moja ya kutotolea siku moja! Siku 3 za mwisho mayai hayageuzwi na unyevu unaongezwa. Ukifanya hivyo kwa mzinga, ya bata bado yanahitaji kugeuzwa. Yakija kwa boti kutoka Bukavu, yatulize siku nzima kwanza, ncha chini.

Maswali

*Kijana wa Himbi:* Bata mzinga ni bei gani?
— Hili ni somo, si soko. Na yupi? Rudia namba 1.

*Kijana wa Himbi:* Si wote ni bata tu?
— Namba 3.

*Mama wa Katindo:* Aksanti, Yaya. Mzinga naweza kumlaza na kuku?
— Swali zuri, Mama. Hapana. Kuku hubeba minyoo yenye kijidudu kinachoharibu ini la mzinga. Kuku mwenyewe anaweza kuonekana mzima huku mizinga inakufa. Hata uwanja walipokaa kuku usimwachie.

*Mama wa Katindo:* Na bukini anakula nini?
— Huyo hula majani, ila mtaa wenu ukiwa mawe ya volkano matupu, utamnunulia chakula.

*Mfugaji wa Birere:* Vifaranga wa mzinga wakikataa maji, tia gololi za rangi chomboni. Watazidonoa, wanakunywa.
— Kweli. Ziwe kubwa, wasizimeze.