Somo: Ulinzi wa kituo cha kulea watoto, kuanzia getini

Assalaam aleikum wapendwa. Wengi mmeniuliza kamera ngapi zinatosha kituo cha watoto ishirini. Mimi kwanza humuuliza mwenye kituo: jana jioni, mtoto wa mwisho alichukuliwa na nani, saa ngapi, na ni mlezi gani aliyemkabidhi? Akisita, kamera kumi hazitamfaa. Kamera itakuonyesha mtoto alivyoondoka, lakini haitamshika mkono. Nimelea watoto Mtopanga miaka tisa sasa, na nawaomba mfuate hatua hizi kwa mpangilio wake, maana wengi huanzia ya tatu.

Hatua ya kwanza: piga magoti

Zunguka kituo chote ukiwa umepiga magoti, uone anachokiona mtoto wa miaka 2. Utaona pengo chini ya geti, waya wa pasi unaoning'inia, na zaidi ya yote mapipa ya maji. Mombasa hii maji ya mfereji huja kwa zamu, kwa hivyo kila nyumba ina mapipa na ndoo zilizojaa. Mtoto mdogo huzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache tu, tena kimyakimya. Kila pipa liwe na kifuniko kinachofungwa, na mlango wa ua ufungwe kwa komeo.

Hatua ya pili: geti na makabidhiano

Hapa ndipo pa kutumia muda wenu na pesa zenu. Komeo la geti liwe juu, kama mita moja na nusu, mkono wa mtoto usilifikie. Lakini mtu mzima aliye ndani aweze kulifungua bila kutafuta ufunguo, kwani moto haungoji. Mkiweza, wekeni vizuizi viwili, geti la nje na kilango cha baraza, na kimoja kisifunguliwe kabla kingine hakijafungwa. Jioni tuktuk zinapiga honi, wazazi watatu wanaingia pamoja, na hapo ndipo mtoto huponyoka.

Kila mtoto awe na faili lenye majina, picha na namba za simu za watu wanaoruhusiwa kumchukua. Akija mwengine, mpigie mzazi kwa namba iliyo kwenye faili, si namba anayokupa aliyesimama getini. Ujumbe wa WhatsApp hautoshi, msikie mzazi kwa sauti yake.

Mwaka wangu wa pili alikuja kijana mpole sana. Alimtaja mtoto kwa jina lake la nyumbani, akasema yeye ni ami yake na mama amekwama feri ya Likoni. Mlezi alikuwa tayari amemvisha mtoto viatu. Nilipopiga simu, mama alikuwa kazini na hakumtuma mtu. Baadaye tulijua kweli alikuwa ami, lakini familia ilikuwa inagombania mtoto yule. Tangu siku hiyo sikubali kwamba "anamjua" ni sawa na "ameruhusiwa".

Hatua ya tatu: kamera

Kituo kidogo kinatosheka na nne: geti, uwanja, chumba cha michezo na chumba cha kulala. Chooni na pale watoto wanapobadilishwa nepi msiweke kamwe, hata mtu awape sababu gani.

Mafundi hupenda kupachika kamera ya geti juu kabisa chini ya paa. Hapo utapata kofia na mitandio, uso huuoni. Ishuke hadi mita mbili na kitu. Geti likitazama mashariki, jua la asubuhi hugeuza kila anayeingia kuwa kivuli, kwa hivyo mwambie fundi aigeuze ubavu na mpime hiyohiyo saa moja asubuhi, si alasiri.

Kamera za nje ziwe za kiwango cha IP66, zinazozuia vumbi na maji. Chumvi ya bahari ni jambo jengine: kiwango hicho hakizuii kutu, kwa hivyo dai skrubu za chuma kisichoshika kutu na ufute kioo kila wiki.

Hatua ya nne: rekodi

Piga hesabu kabla ya kununua. Kamera moja inayorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hula gigabaiti 21 na nusu hivi kwa siku. Nne ni 86 hivi, na diski ya terabaiti 1 hujaa kwa siku kumi na moja au kumi na mbili, kisha huanza kufuta za zamani. Mzazi akilalamika baada ya wiki tatu, hutakuwa na kitu cha kumwonyesha.

Mashine ya kurekodi ifungiwe kabatini. Yangu ilikaa juu ya meza ya ofisi, na usiku wezi walipovunja waliibeba pamoja na ushahidi wote. Badilisha nenosiri la kiwandani siku hiyohiyo, na uwe na betri ya akiba kwa ajili ya stima kukatika.

Tena, kagua rekodi kila wiki, saa uliyoichagua bila kumwambia mtu. Ukiona mtoto anadhulumiwa, piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto.

Hatua ya tano: idhini

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla ya kuchukua taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Wazazi watie saini siku ya kusajili. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Pacha, Likoni: Wazazi wangu wanataka kutazama kamera kwenye simu zao. Niwape?

Dadangu, mimi nimekataa. Kila mzazi ataona na watoto wa wenzake, na nenosiri linalojulikana na watu ishirini si siri tena. Mwenye wasiwasi namkaribisha ofisini, tunatazama pamoja sehemu inayomhusu mwanawe.

Bi Mwalimu, Magongo: Nina chumba kimoja cha kukodi, sina pesa za kamera.

Anza na komeo, daftari la makabidhiano na simu ya kituo isiyozimwa. Ongeza kengele inayolia mlango ukifunguliwa. Kamera zitangoja.

Ukhti wa Kibokoni: Mtoto wangu mmoja huchukuliwa na dadake wa miaka 11 akitoka madrasa. Mama hutoka kazini saa mbili usiku na hana mtu mwengine.

Mimi simkabidhi mtoto kwa mtoto, na vichochoro vya huko vina pikipiki. Lakini mama huyo usimfukuze. Mlezi wako mmoja awasindikize wote wawili hadi nyumbani kwa jirani ambaye mama amemwandika kwenye faili, ampigie mama simu wakiwa mlangoni, kisha aandike daftarini saa waliyofika.