Kabla hujafungua timoli, hesabu varoa

Mizinga yangu 11 iko Kabare, juu ya Bukavu, na mwaka jana nilitibu miwili tu kwa timoli, dawa ya varoa yenye harufu kali. Nyuki wetu wa huku wanajipigania, varoa wachache (vidudu vinavyowanyonya nyuki) hawawaangushi. Usinunue dawa kwa sababu jirani kanunua.

Chukua fremu yenye majana, yaani watoto wa nyuki. Malkia asiwe juu yake (mimi huangalia mara mbili). Kung'uta nyuki nusu kikombe, karibu 300, ndani ya chupa yenye kifuniko cha wavu. Tia vijiko viwili vya sukari ya unga, viringisha dakika moja, waache dakika mbili, kisha pindua na utikise juu ya sahani nyeupe yenye maji kidogo. Sukari itayeyuka, varoa watabaki: wekundu wa kahawia, bapa, wadogo kuliko kichwa cha kiberiti. Gawa kwa 3 upate idadi kwa nyuki 100. Nikipata chini ya 3, nafunga mzinga narudi nyumbani. Nyuki warudishe, watatoka weupe kama waoka mikate, na hasira juu.

Wakizidi hapo, vuna kwanza asali yote ya kuuza. Mimi niliwahi kuacha sanduku la juu kwa uvivu. Mama ninayemuuzia Kadutu alionja, akaniuliza kama nimeitia kwenye chupa ya dawa ya kuchua mgongo.

Natumia jeli: kisahani cha gramu 50, chenye gramu 12.5 za timoli. Vaa glavu, inachoma. Kifungue, kiweke juu ya fremu penye majana, jeli ikitazama juu, na uinue mfuniko kwa ubao ili mvuke upate nafasi. Wavu wa chini uzibe, maana mvuke huo ni mzito na hutorokea huko.

Siku 10 baadaye, kikiwa kitupu weka cha pili. Bado, ongeza siku 4. Kimoja hakitoshi: mvuke hauingii vyumba vilivyofunikwa, na jana la nyuki kibarua hukaa humo siku kama 12, varoa akizaana pembeni yake. Akitoka lazima aikute dawa.

Chini ya nyuzi 15 jeli inalala. Usiku wa mwezi wa saba Kabare ni baridi, kwa hiyo nangoja wa tisa.

Siku za kwanza watajazana mlangoni, na malkia anaweza kupunguza kutaga. Vumilia. Kundi dogo lipe gramu 25 tu za jeli. Nyuki wetu harufu ikiwazidi, wanahama.