Kukagua uvujaji wa maji ya chila ya MRI

Chila ni mtambo unaopoza maji ya MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Maji hayo hupoza kompresa ya heliamu (inayosaidia kuiweka sumaku baridi) pamoja na koili za gradienti (nyaya za ndani ya mashine zinazopata joto wakati wa kupiga picha). Ukiizima chila kiholela, kompresa nayo itajizima kwa joto, na heliamu ya kimiminika inayopoza sumaku itaanza kuchemka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ukaguzi ifanyike maji yakiwa yanazunguka. Na kumbuka, sumaku haizimiki kwa swichi ya ukutani, na huvuta chuma: spana ya chuma na tochi ya kawaida vibaki nje ya chumba chake.

1. Anza na daftari. Linganisha presha na kimo cha tangi cha leo na cha miezi iliyopita. Mzunguko huu umefungwa, haupaswi kudai maji. Kama kuna anayeongeza lita moja kila wiki, panavuja, hata sakafu ikiwa kavu.

2. Tenga jasho (unyevu wa hewa unaoganda kuwa matone kwenye bomba baridi) na uvujaji. Kwa unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa, bomba baridi lililochanika sponji yake ya kuzuia joto litatona mchana kutwa bila kuwa na tundu. Vaa glavu, pangusa kwa tishu nyeupe, kisha sugua kati ya vidole. Jasho ni maji matupu. Glaikoli, kemikali inayochanganywa kwenye maji ya chila, huteleza, ikikauka hunata. Ukiwa na shaka, weka tone kwenye refraktomita (kipimo cha kiasi cha glaikoli kwenye maji): jasho litasoma sifuri.

3. Usilaumu mahali panapodondoka. Maji hutambaa chini ya sponji hadi bomba linapoinama, ndipo yanatoka. Fungua sponji ukipanda juu hadi kwenye kiungo kikavu. Kagua sili ya pampu, vali ya kutolea hewa, kikombe cha chujio na klipu za mipira. Ukijani kwenye shaba au chumvi nyeupe huonyesha tundu la siku nyingi. Klipu ikivuja usiikaze tu, itakata mpira. Kata ncha iliyochakaa au badilisha mpira wote.

4. Hujapata? Panga muda wa kuzima na mhandisi wa mashine, funga vali, utenge kipande kimoja kimoja. Kiache kwenye presha ya kazi kwa dakika 30, ukiandika presha na joto pia. Maji yakipoa, sindano ya geji hushuka bila tundu lolote.

5. Jazia mchanganyiko uleule uliotajwa na mtengenezaji. Maji ya bomba hupunguza nguvu ya dawa ya kuzuia kutu, na kulanti (maji ya rejeta) ya gari huweza kuharibu sili za pampu. Ukitumia hivyo, utarudi hatua ya 3 mapema.