Kumwanzisha mtoto kutazama ndege Nairobi, kuanzia dirishani

Jumamosi asubuhi huwa na watoto watano au sita wa ploti yetu hapa Umoja, wa miaka minne hadi saba, na kazi yetu ni kutazama ndege. Wazazi wakisikia, swali lao la kwanza ni wanunue nini. Msinunue kitu kwa miezi miwili ya kwanza. Kinachohitajika ni dirisha, dakika kumi, na mtu mzima anayeweza kunyamaza. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda mimi mwenyewe kwa muda mrefu.

Hatua ya 1: Simama dirishani

Usimwite mtoto ukamwambia "leo tunajifunza ndege". Chukua kikombe chako cha chai, zima TV, usimame dirishani ukitazama nje kama mtu aliyeona jambo. Atakuja tu. Atauliza unaangalia nini, nawe umwonyeshe kunguru aliyetua juu ya nguzo ya stima, yule mwenye kifua cheupe kama aliyevaa fulana. Wakati mzuri ni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, ndege wakiwa wanatafuta chakula. Jua likishapanda wengi hutulia majanini.

Dakika kumi zikiisha, ondoka wewe kwanza, hata kama yeye bado anataka. Kesho atakutangulia.

Kama mnakaa ghorofani, usiweke kiti wala stuli karibu na reli ya roshani. Mtoto aliyeona mwewe hakumbuki kwamba yuko ghorofa ya nne.

Hatua ya 2: Mwache ampe ndege jina

Hapa nilikosea vibaya. Nilianza na picha nilizochapisha mjini, nikazibandika ukutani, nikawa nauliza: "Huyu ni nani? Na huyu?" Jumamosi ya tatu, watoto wawili walikuwa wanaumwa na tumbo. Mmoja aliyekuja akaniuliza, "Anti, hii tutampelekea mwalimu?" Sikumlaumu. Tangu mtaala wa CBC uanze shuleni, mtoto akipanda mbegu ya maharagwe lazima apigwe picha, picha ichapishwe, ipelekwe shuleni. Ameshajua kwamba mtu mzima akichangamkia jambo ghafla, kuna alama zinatafutwa.

Nilizitoa zile picha. Siku hizi watoto wenyewe ndio wanaobatiza. Kwarara, yule mkubwa mwenye mdomo mrefu uliopinda, anaitwa Mzee Kelele. Pasa, yule wa kijivu mwenye mkia mrefu anayetambaa matawini kama panya, ni Panya Mkia. Jina la vitabuni nalitaja mtoto akiniuliza, na huwa wanauliza, ila kwa wakati wao.

Hatua ya 3: Ndege mmoja, wiki mbili, kisa kimoja

Mtoto wa miaka mitano hahitaji orodha. Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na ukimwambia hivyo utamchosha kabla hajaanza. Mpe mmoja mwenye vituko.

Anza na korongo wakubwa wenye vipara wanaokaa juu ya migunga karibu na uwanja wa Nyayo. Tukipita pale tukielekea Barabara ya Mombasa, watoto wote huhamia upande mmoja wa matatu. Akisimama, korongo huyu anaweza kufika mita moja na nusu, yaani humzidi urefu kila mtoto niliye naye. Lakini kisa chenyewe ni miguu: huonekana kama imepakwa chokaa kwa sababu hujinyea miguuni makusudi ili kupunguza joto. Sijawahi kusimulia jambo lolote la maumbile likashika kama hilo. Mama mmoja alinilalamikia kwamba mwanawe alilirudia mezani mbele ya wageni.

Wa pili ni mnana. Dume hufuma kiota kwa vipande vya majani, akining'inia kichwa chini, kisha jike huja kukagua. Asipopendezwa, dume hulazimika kuanza kingine. Mti wenye viota vya mnana mkiupata, kaeni hapo kila wiki. Msiuache mkaenda kutafuta mwingine. Watoto huchagua upande: wavulana wa ploti yetu humtetea dume, na msichana mmoja husema kiota kina shimo, mama yuko sawa.

Kuanzia Oktoba hadi Aprili kuna mbayuwayu waliokuja kutoka Ulaya wakikimbia baridi. Waonyesheni wakikata hewa juu ya uwanja, mseme wametoka wapi, basi. Ramani itafuata siku nyingine.

Hatua ya 4: Funga macho

Huu ni mchezo wa dakika mbili. Kila mtoto hufumba macho na kuinua kidole kila anaposikia ndege. Kwarara ndiye rahisi kuliko wote, maana huwaamsha hata wasiotaka. Kisha wamwige. Majirani watazoea.

Hatua ya 5: Daftari

Daftari lisilo na mistari na penseli moja. Achore akitaka. Usisahihishe miguu mitatu.

Hatua ya 6: Kutoka mtaani

Safari ya kwanza nilienda Msitu wa Karura na watoto wanane, saa tatu nzima. Tulirudi na viatu vya tope, wawili wakilia, na ndege tuliyemwona sawasawa alikuwa mmoja. Msitu mnene haumfai anayeanza: ndege wako juu sana na mtoto anaona majani tu.

Arboretum inafaa zaidi. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1907, ina miti mirefu na nyasi za wazi, na njia zake si ndefu. Saa moja na nusu inatosha kabisa. Mtu mzima mmoja kwa watoto watatu, si zaidi. Mwezi wa saba beba sweta, kwa maana asubuhi za Nairobi wakati huo haziamini jua.

Chakula kifiche. Kuna kima na tumbili wanaojua sauti ya mfuko ukifunguliwa, na angani kuna mwewe. Mwewe wa Nairobi humnyang'anya mtoto mandazi mkononi akiwa anaruka, na kucha zake hukwaruza. Tunakula tukiwa chini ya paa au tukiegemea ukuta. Maji tunabeba kwenye chupa za kutumika tena, kwa sababu tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kwenye misitu na maeneo yaliyohifadhiwa.

Watoto wakifika miaka tisa au kumi, kuna matembezi ya ndege ya shirika la uhifadhi la Nature Kenya kila Jumatano asubuhi, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Yalianzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971. Likizo zikifika, mpeleke. Kwa mtoto wa miaka mitano ni marefu mno.

Hatua ya 7: Darubini, na si mapema

Akiwa bado anatazama baada ya miezi kadhaa, tafuta darubini iliyoandikwa 8x32 au inayokaribia hapo. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usivutwe na 12: mikono midogo hutetemeka, na picha nayo hutetemeka. Kabla hujalipa, ikunje mpaka mwisho na umwekee machoni. Macho ya mtoto yamekaribiana, na darubini nyingi za watu wazima hazikunjiki vya kutosha, kwa hiyo ataona kwa jicho moja akuambie haoni kitu. Kamba shingoni kila mara. Jua halitazamwi kwayo hata kwa sekunde.

Hatua ya 8: Akiacha, mwache

Wengi huacha kwa muda. Mmoja wangu aliacha mwezi wa nne akarudi kwenye bano, ule mchezo wa goli za kioo, na daftari lake bado liko juu ya kabati langu. Wiki iliyopita nilimkuta uwanjani amepiga magoti, jicho kwenye goli zake. Kwarara watatu walipita juu wakipiga kelele. Hakuinua kichwa. "Mzee Kelele," alisema, akapiga.