Mambo ya Kuangalia Kabla Hujanunua Risiva ya Sinema ya Nyumbani

Anza na chumba, usianze na risiva, yaani kifaa kinachosukuma sauti kwenye spika na kupitisha picha kwenda kwenye runinga. Hesabu spika utakazofunga kweli, si zile unazoziota. Spika tano na sabufa ni 5.1. Ukiongeza mbili za darini kwa ajili ya Dolby Atmos, mfumo wa sauti inayotoka hadi juu ya kichwa, inakuwa 5.1.2, nayo inataka risiva ya chaneli saba: kila spika na chaneli yake, ila sabufa haihesabiwi kwa kuwa huwa na amplifaya yake. Ukitaka 7.1.4, yaani spika saba, sabufa na nne za darini, hizo ni chaneli kumi na moja. Risiva ya tisa haitoshi bila amplifaya ya pembeni, na si kila risiva ina mahali pa kuiunganisha.

Pima kabati, hasa kina chake. Nyuma lazima ibaki nafasi ya nyaya kupinda, na juu pabaki wazi joto litoke. Kisimbuzi kisikae juu ya risiva, wala kitambaa.

Soma volti zilizoandikwa mgongoni. Risiva nyingi si kama chaja ya simu inayokubali umeme wowote. Ya volti 120 ukiichomeka kwenye 230, umeiunguza.

Sasa wati, na hapa soma polepole. Shemeji yangu alilinganisha risiva mbili: moja imeandikwa wati 135 kwa kila chaneli, nyingine 80. Akachukua ya 135, nani asingechukua? Siku aliyoalika watu kutazama filamu, mapigano yalipoanza risiva ikazima. Akaiwasha, akapandisha sauti, ikazima tena. Fundi alipokuja hakugusa hata bisibisi. Aliomba kijitabu, akamwonyesha maandishi madogo. Zile wati 135 zilipimwa chaneli moja tu ikifanya kazi, kwa mlio mmoja wa 1 kHz, huku sauti ikiruhusiwa kuharibika hadi asilimia 10. Asilimia 10 ni sauti inayokwaruza, hakuna anayeweza kuistahimili. Mstari wa chini yake, risiva hiyohiyo ikipimwa chaneli mbili pamoja, kuanzia 20 Hz hadi 20 kHz, yaani kutoka besi nzito hadi mlio mwembamba kabisa, ilikuwa wati 70. Ile ya 80 aliyoiacha ilikuwa imepimwa kwa kipimo hiki kigumu tangu mwanzo. Juu ya hayo, spika zake zilikuwa za omu 4 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme; zikiwa chache, umeme mwingi hupita), zinazovuta mkondo mkubwa kuliko risiva ile ilivyoundwa kubeba, kwa hiyo ilikuwa inajizima isiungue. Duka halikukubali kuirudisha, kwa sababu haikuwa mbovu. Na kweli haikuwa mbovu.

Kwa hiyo usilinganishe wati mpaka uone zimepimwaje: chaneli ngapi, masafa gani, omu ngapi, upotoshaji kiasi gani. Tangazo likificha hayo, tafuta mwongozo wa mtumiaji. Tofauti ya 80 na 100 usiilipie. Hata wati zikiongezeka maradufu, unapata desibeli 3 tu. Omu ndizo za kukukosesha usingizi: kama spika zako ni za omu 4, mwongozo useme waziwazi kwamba risiva inazikubali.

Milango ya HDMI usiihesabu tu, uliza kila mmoja unapitisha nini. Risiva yaweza kuwa na milango sita, na miwili tu ndiyo ipitishe 4K ya 120 Hz, yaani picha kali inayobadilika mara 120 kwa sekunde. Asiyecheza gemu hiyo haimhusu. HDCP 2.2, kinga ya kuzuia filamu kunakiliwa, au ya juu zaidi inamhusu kila anayetaka filamu za 4K, maana bila hiyo picha inashuka ubora au haiji kabisa. Runinga yako ikiwa ndiyo inayotuma sauti kwenye risiva, tafuta eARC, njia ya HDMI ya kurudisha sauti kutoka runinga, pande zote mbili. ARC ya kawaida, ile ya zamani, haibebi Dolby TrueHD, sauti ya filamu isiyopunguzwa ubora.

Ukinunua iliyotumika, dai rimoti na ile maikrofoni ndogo ya kupimia chumba, kwa kuwa ndiyo inayopanga sauti ya kila spika. Sikiliza kila chaneli peke yake, jaribu kila mlango, iache iwake muda mrefu uone joto lake. Uliza nani anaitengeneza ikiharibika. Risiti usitupe, na boksi pia ulitunze mpaka dhamana iishe.